Nyekundu Ukutani kwa Mama wa Chapati

Anayesema usiku ni mweusi hajawahi kusimama Mbezi Luis saa mbili za usiku. Mie nimesimama, tena na brashi mkononi, na nyeusi ndiyo rangi niliyoitumia kidogo kuliko zote. Mabasi yanayoingia stendi yana taa za zambarau ubavuni. Kibanda cha chipsi kimewekewa taa nyekundu ndani ya kabati la kioo ili kuku aonekane mnono, hata kama maisha yake yote hakushiba. Saluni ina taa ya waridi, duka la dawa lina ya kijani, na anga juu ya barabara ya Morogoro ni rangi ya chungwa iliyoingia vumbi. Mtu akinionyesha picha ya usiku yenye weusi mtupu na mwezi mmoja kwenye kona, namwona mvivu, na huwa namwambia.

Mie ni mwalimu wa jiografia. Kuchora nilianza ukubwani, wanangu walipokwisha kutoka nyumbani, na nikaanza usiku kwa sababu mchana haukuwa wangu. Mchana ni wa wanafunzi, wa vikao, na wa jua hili la Dar ambalo sie tuliozaliwa kwenye baridi ya nyanda za juu hatulizoei hata tukae huku miaka mingapi. Usiku ndio nilikuwa napumua.

Mume wangu, karani mstaafu, mtu wa maneno machache na suruali zilizopigwa pasi, hakuipenda ishu hii.

"Mwanamke mzima usimame barabarani na tochi kichwani? Watu watasema umechanganyikiwa."

"Waseme."

"Na wakikukaba?"

"Watakaba nini, brashi?"

Siku mbili alibaki nyumbani. Siku ya tatu akatoka nyumbani na kigoda cha plastiki mkono mmoja na chupa ya chai mkono wa pili, akaja kukaa nyuma yangu. Tangu hapo hakukosa hata usiku mmoja. Alikuwa anasikiliza redio kwa sauti ya chini, na kila baada ya muda anauliza kama tunakaribia kuondoka. Nilikuwaga namjibu vibaya, lakini moyoni nilikuwa nashukuru.

Kuchora usiku nje kuna adabu zake, na zote nimejifunza kwa kukosea. Kosa la kwanza ni kuiamini tochi. Picha yangu ya kwanza niliichora nikijua nimepaka anga la bluu iliyokolea. Asubuhi nikaitoa sebuleni, nikakuta anga lote ni kijani cha mlenda. Mume wangu aliitazama akiwa na kikombe mkononi, akauliza kama ni bwawa. Nilikasirika, kisha nikacheka mpaka machozi. Tochi ya kichwani inadanganya, na taa za barabarani zinadanganya kuizidi. Chini ya taa ya kijani, nyekundu haionekani nyekundu, inaonekana kahawia iliyokufa, karibu na nyeusi.

Basi nikajifunza kuzijua rangi kwa mkono. Nikazipanga kwenye kibao kwa mstari mmoja usiobadilika, nyeupe karibu na dole gumba, kisha njano, chungwa, nyekundu, zambarau, bluu, ili hata nikizima tochi nijue brashi imezama wapi. Maana tochi lazima uizime mara kwa mara. Unaiwasha kuchanganya, unaizima kutazama. Ukiiacha inawaka muda wote, jicho linazoea mwanga wako mwenyewe na mwanga wa mtaa unakupotea.

Mwaka ule nilikuwa nakitaka kibanda kimoja tu. Kilikuwa cha mama mmoja wa Rufiji, mjane, anayepika chapati njia ya kuelekea stendi. Sie wote tulimwita Mama wa Chapati. Kibanda chake kilikuwa cha tofali kilichopakwa chokaa, bati juu, mlango wa mbao na dirisha lenye grili. Mbele alitundika taa ndefu ya kijani, kwa sababu siku aliyokwenda kununua taa dukani hiyo ndiyo ilikuwepo. Chini yake kulikuwa na jiko la mkaa. Kijani kinamshukia kutoka juu, chungwa na nyekundu ya makaa inampanda kutoka chini, na katikati uso wake unang'aa kwa mafuta na jasho. Nilipomwona mara ya kwanza nilisahau hata nilikuwa nataka chapati ngapi.

Nilimwomba ruhusa kwa adabu, maana alinizidi umri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu."

"Nataka nikuchore wewe na kibanda chako."

Akanitazama, kisha akamtazama mume wangu kama anayetaka kujua ugonjwa umeanza lini. "Si unanitafutia balaa? Mie na karatasi za watu wa barabara hatuelewani."

"Hii si karatasi, ni kitambaa. Nitakitundika ukutani kwangu."

"Ukutani kwako sawa," akasema, na kugeuza chapati.

Hofu yake naielewa, na atakayesoma haya akiwa mbali na Dar lazima nimweleweshe. Huku kwetu nyumba au kibanda kikionekana kimeingia hifadhi ya barabara, hakitumiwi maneno mengi. Unaamka unakuta alama ya X nyekundu ukutani. Ukishapigwa X, umeshaambiwa. Siku yoyote katapila linakuja. Wenye akili hawalingoji, wanaezua bati wenyewe, wanang'oa mlango na madirisha, kwa sababu katapila halikuchagulii cha kukuachia. Mama yule alishapigwa X mara moja, miaka ya nyuma, kwenye kibanda chake cha kwanza kilichokuwa karibu zaidi na lami. Alingoja, akiamini wataahirisha. Hawakuahirisha. Alitoka na chuma cha chapati na kanga aliyovaa.

Hayo alinisimulia huku anasukuma unga, bila kulalamika. Kibanda hiki cha pili ndicho kilichokuwa kinamsomesha binti yake wa mwisho, aliyekuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi huko Tabora. Wakubwa walishaoa na kuolewa na wana shida zao. Huyu wa mwisho ndiye aliyeahidi kuvaa nguo nyeupe. "Akimaliza huyu," alisema, "mie hata wakinipiga X ya paji la uso, poa."

Nilichora usiku wa kwanza, nikachora wa pili. Wapita njia walisimama, wakatoa maoni. Mwendesha bodaboda mmoja alisogea, akaiona stendi yangu ya kuchorea, ya miguu mitatu, akauliza, "Sista, mnapima barabara tena?" Mume wangu akamjibu kwa upole, "Hapana, ni mke wangu anachora chapati." Tukacheka wote, na yeye akaondoka hajaridhika.

Usiku wa tatu, Alhamisi, nilihamia ubavuni mwa kibanda. Nilitaka kuyaona makaa kwa upande, na upepo wa mbele ulikuwa unanipulizia moshi. Ubavu ule ulikuwa giza, taa ya kijani ilifika kwa kuchungulia tu. Nilikuwa nimebanwa na wakati. Kesho yake nilitakiwa kusafiri kwenda kusahihisha mitihani, na bado nyekundu ya makaa ilikuwa haijakaa. Nyekundu ya makaa si nyekundu ya nyanya. Ina njano ndani yake, na inataka ipakwe nene, kwa mkono usiositasita. Nikaichanganya, nikazima tochi, nikapaka, na safari hii nikajua kwa mwili mzima kwamba imekaa. Nilifurahi mpaka nikamwita mume wangu aje aone. Akaja, akasema hajaona kitu, giza. Nikamwambia arudi kwenye redio yake.

Nikabaki na brashi pana iliyojaa nyekundu, na ninataka kuingia kwenye kijani. Nikapapasa kitambaa cha kufutia, hakipo, kimeangukia mtaroni. Basi nikafuta brashi ukutani. Upande huu, nikaigeuza, upande huu. Ndivyo ninavyofuta brashi siku zote, mikwaju miwili inayopishana, ili rangi itoke pande zote mbili. Nilifuta bila kutazama, kama unavyofuta mikono kwenye gauni ukiwa jikoni. Kisha nikaendelea na kijani.

Asubuhi niliitazama picha kabla ya kuondoka. Makaa yalikuwa yanawaka. Sijawahi kujipongeza, lakini siku ile nilijipongeza kwa sauti.

Nilikaa kwenye kusahihisha siku tisa. Niliporudi, basi lilinishusha stendi ya Mbezi Luis asubuhi, mume wangu akanipokea begi, na nikamwambia tupite kwa Mama wa Chapati tunywe chai kwanza. Mume wangu akasema mwenyewe hajapita njia ile tangu nilipoondoka, alikuwa anapika ugali wake nyumbani. Tukakata kona.

Kibanda hakikuwa na bati.

Lilikuwa limepangwa chini, pembeni, limefungwa kwa kamba. Mlango ulikuwa umelazwa juu yake. Grili ya dirisha ilishang'olewa, na fundi alikuwa juu ya ngazi anachomoa mbao za paa moja moja. Mama alikuwa amekaa kwenye gunia la mkaa, anakagua misumari iliyonyooka na iliyopinda, anaitenga kwenye makopo mawili.

"Mama, kuna nini?"

"Wamekuja, mwalimu," akasema. Akaonyesha ubavu wa kibanda kwa kidevu. "Jirani ndiye aliyeiona. Ndogo, lakini wanasema siku hizi wanaanza na ndogo. Safari hii siwangojei. Mchana gari la kupakia linakuja, naenda kwa dada yangu Chanika."

"Na chapati?"

"Chanika kila mtu anapika chapati zake mwenyewe. Nimeshampigia binti jana. Nimemwambia afunge begi, arudi nyumbani. Ada ya muhula ujao itatoka wapi?"

Nina hasira za karibu. Hilo wanafunzi wangu watakuambia, na mume wangu atakuambia zaidi. Sikwenda hata kuitazama hiyo alama. Nilishika njia moja kwa moja mpaka ofisi ya serikali ya mtaa, mume wangu nyuma na begi langu, ananiambia taratibu, taratibu. Nikamkuta mtendaji, kijana mpole, anakunywa chai. Nikamwambia yote. Nikamwambia mjane hafukuzwi mara mbili na serikali moja. Nikamwambia kwamba kama wana roho wangemwachia binti wa watu amalize chuo. Sauti yangu ilisikika mpaka kwa watu waliopanga foleni ya barua za utambulisho.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Mwalimu, sisi hatujapata barua yoyote. Wakija kuweka alama wanapitia hapa kwanza, na huwa tunatembea nao. Tena wanapiga safu nzima, siyo kibanda kimoja. Na pembeni ya X wanaandikaga namba. Hiyo uliyoiona ina namba?"

Nikasema sijaiona.

"Hujaiona?"

Darasani swali kama hilo huwa nauliza mimi. Pale niligeuka, nikatoka.

Tukarudi. Safari hii nilipita moja kwa moja mpaka ubavuni. Ilikuwa pale, kwenye chokaa nyeupe, usawa wa mkono wangu, urefu wa shubiri moja. Haina namba. Mkwaju mmoja huku, mkwaju mwingine huku. Mwanzo wa kila mkwaju ulikuwa mnene, mwisho umeparuka kwa alama za nywele za brashi. Na nyekundu yenyewe ilikuwa na njano ndani yake.

Nikaigusa. Rangi ya watu wa barabara hukauka siku hiyohiyo. Hii yangu ni ya mafuta, ikipakwa nene haina haraka. Pale ilipojaa, ngozi ya juu ilikuwa imekauka lakini chini bado laini, na kidole changu kikatoka na wekundu.

Nikakiinua kidole. Mume wangu aliniangalia kidole, akaangalia ukuta, akaelewa. Miaka yote hiyo ameishi na mimi, amefua nguo zangu zenye madoa hayohayo. Aliweka begi chini, akatoa leso yake, akanipa.

Nilifikiria kunyamaza. Naliandika hivyohivyo lilivyo. Nilifikiria kumwambia mama kwamba nimekwenda ofisini, nimepigania, na mtendaji amesema X imefutwa. Angenishukuru. Angesimulia mtaa mzima kwamba mwalimu ameokoa kibanda. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umepangika vizuri, na kama angekuwa mtu mwingine sijui. Lakini mama huyu alinikubalia nimchore akiwa anaogopa karatasi, akaniamini kwa sababu nilisema ni kitambaa. Nikaona haya kubwa, haya ya mtoto aliyekamatwa na sukari.

Nikaenda mbele yake, nikachuchumaa ili tulingane macho.

"Mama, ile alama ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyeiweka. Usiku ule wa mwisho nilikuwa nachora makaa yako. Kitambaa cha kufutia kilianguka mtaroni, nikafuta brashi kwenye ukuta wako, gizani. Sikutazama. Hakuna mtu wa barabara aliyekuja. Nimetoka ofisini sasa hivi, hawana barua."

Nikamwonyesha kidole. Fundi juu ya ngazi aliacha kugonga.

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilishajipangia kwamba akinitukana nitainamisha kichwa, na akitaka alipwe nitamlipa, na akinifukuza nitaondoka. Nilistahili vyote. Ndiyo maana swali lake lilinikuta sina ulinzi.

"Kwa hiyo hawaji?"

"Hawaji, mama."

"Hawaji kabisa?"

"Hawaji."

Akakiweka chini kile kikopo cha misumari, taratibu, kisimwagike. Kisha akajifunika uso kwa ncha ya kanga na akalia, mabega yanatikisika, bila sauti. Nikalia na mimi. Mume wangu akageukia barabarani, akawa anasoma mabango. Alipojifunua uso alikuwa amechoka kama mtu aliyetoka kuuguza.

"Usiku nane," akasema. "Usiku nane sijalala, mwalimu. Nasikiliza gari likipita, nasema ndilo hilo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wewe umeniwekea ung'ongo mlangoni."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe," akasema. "Siyo leo. Leo nina kazi."

Akasimama, akajikung'uta vumbi la mkaa, akanyoosha mkono. "Simu yangu haina salio. Lete yako."

Nikampa. Akabonyeza namba kwa kidole gumba, polepole, anazisoma kwa sauti. Binti alipopokea, mama hakusalimia.

"Umeshafunga begi? Lifungue. Ndiyo, lifungue, panga nguo zako kabatini. Kibanda kipo." Akasikiliza. "Hapana, hakuna X. Hakuna mtu aliyekuja." Akasikiliza tena, kirefu, na kutoka nilipokuwa niliisikia sauti ya yule binti upande wa pili, nyembamba, inauliza jambo lilelile mara mbili. Mama akanitazama, jicho kavu sasa.

"Ni mwalimu," akasema. "Alikuwa anafuta brashi."

Akanirudishia simu, akamwambia fundi ashuke achukue mbao ya kwanza airudishe paani, na mimi akanionyesha ngazi niishike chini isitereze.